Visima Nilivyovifunga

Mwaka 2017 niliwafungia watu wa kijiji kimoja visima vyao vya mchangani, katika laga ya Tarach, si mbali na mji wa Kakuma. Nilikuwa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya sheria za Kenya, ilinipa uwezo huo, kipindupindu kilinipa sababu, na mimi mwenyewe nilikuwa na hakika kwamba naokoa maisha. Walioilipia hakika yangu ni watoto wa kijiji kile, na mmoja wao hakuiona mvua ya mwaka uliofuata. Jina la kijiji sitalitaja, wala la mtu yeyote wa pale. Kosa ni langu, na wao hawana deni la kuanikwa kwa ajili yake.

Asiyeijua Turkana aelezwe kwanza laga ni nini, maana bila hivyo hataelewa nilichokifanya. Ni mto usio na maji juu yake kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ikinyesha huko mbali milimani, maji huja kwa ghafla, mazito kwa udongo, yamebeba miti na pengine mifugo, na baada ya siku chache kinabaki kitanda kipana cha mchanga. Maji hayajaondoka, yamezama tu. Wanawake huuchimba mchanga kwa mikono na kwa karai hadi wayafikie. Kadiri kiangazi kinavyozidi ndivyo shimo linavyokwenda chini, hadi kisima kinataka watu watatu au wanne waliosimama kwenye vidato, mmoja chini ya mwenziwe, wakipokezana kibakuli. Kila kisima kina mwenyewe, aliyekichimba na ukoo wake. Jirani huomba, na aghalabu hupewa, lakini ni lazima aombe.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa 1992 wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Kenya kwa miguu, iko kandokando ya laga hiyo hiyo, na visima virefu vinavyoinywesha vimechimbwa kwenye kingo zake. Mwaka ninaouzungumzia, kambi pamoja na makazi mapya ya Kalobeyei vilikuwa na watu zaidi ya 170,000. Waturkana wenyeji walikuwa wamekwisha kuyafungamanisha maisha yao na ya kambi. Wanawake walipeleka kuni na makaa ya mti wa mathenge, wakawafulia na kuwachotea maji wakimbizi, wakarudi na shilingi chache au makopo ya mahindi ya mgao. Nilipofika pale nikitokea Malindi niliyaona haya yote kila siku barabarani. Niliyahesabu kuwa biashara. Sikuyahesabu kuwa afya.

Tarehe 10 Februari mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mizoga ya kondoo ilikuwa imelala kando ya barabara ya kwenda Lokichoggio. Kisha kipindupindu kikaingia, kambini na vijijini.

Sikukosea kuhusu maji. Hilo niliseme wazi, kwa sababu kosa langu lingekuwa jepesi kulisimulia kama ningekuwa nimebabaika tu. Vyoo vilikuwa vya kuhesabika, watu walijisaidia kwenye vichaka vya kando ya laga, visima havikuwa na ukuta wala mfuniko wa saruji, na tulipoyapima maji yake tulikuta vijidudu vya kinyesi. Wagonjwa kadhaa wa mwanzo walikuwa wamekunywa maji ya pale. Mgonjwa wa kipindupindu akichelewa kupata dripu anaweza kufa kabla ya jua kuzama, na mimi nilikuwa nimemwona mzee mmoja akifa hivyo, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Ukishaona hivyo unatafuta cha kukomesha, na unakitafuta upesi.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwaweka watu kisimani tangu alfajiri hadi jioni na klorini, kila ndoo inayotoka inatiwa kipimo chake, mwenyewe anaambiwa asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Klorini nilikuwa nayo stoo. Ya pili ilikuwa kuvifunga visima kwa amri na kuwaelekeza watu kwenye bomba lililokuwa ukingoni mwa mji, mwendo wa saa moja na zaidi kwa mtu asiye na mzigo, ambapo mtungi wa lita 20 ulilipiwa. Ya kwanza ilitaka niwajue wenye visima, nikae nao, nichague watu wanaoaminiwa, nirudi kila asubuhi. Ya pili ilitaka barua moja na chifu. Nikaandika barua.

Kulikuwa pia na hadithi kichwani mwangu. Kila aliyesomea afya ya umma amefundishwa habari za daktari John Snow wa London, aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho kilitoka kwenye pampu ya maji ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa. Nilikuwa naipenda hadithi hiyo tangu chuoni: mtu mmoja, ramani moja, mkono mmoja wa chuma. Nilipokuwa naitia sahihi barua ile nilijiona nafanya alichofanya yeye. Mambo mawili yamo ndani ya hadithi hiyo hiyo na sikuyatilia maanani. Ramani ya Snow ina pampu nyingine mitaa michache tu kutoka hapo, kwa hiyo aliyenyimwa maji ya Broad Street hakulala na kiu. Tena Snow mwenyewe aliandika kwamba wagonjwa walikuwa wamekwisha kupungua kabla mkono haujatolewa, kwani watu wengi walikuwa wameuhama mtaa.

Chifu aliitisha baraza chini ya mgunga. Nilizungumza mimi, akatafsiri mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, mama wa makamo anayeheshimika sana pale. Nilieleza vijidudu, nikaeleza bomba, nikasema visima vimefungwa hadi watakapoarifiwa tena. Wazee walinyamaza. Mama mmoja aliyekaa nyuma, na mtoto mchanga mgongoni, akauliza jambo kwa Kiturkana. Mhudumu akanigeukia: “Daktari, anauliza mbuzi itakunywa wapi.”

Nikajibu kwamba mimi ni wa afya ya watu, na habari za mbuzi wakaulize ofisi ya mifugo.

Nilijibu kwa adabu, sikumdharau. Niliamini kwa dhati kwamba nimemjibu. Tangu ugatuzi uanze 2013, afya, maji na mifugo vyote viko chini ya kaunti. Ofisi ya mifugo ilikuwa Kakuma hapo hapo, ningeweza kwenda kwa miguu. Katiba ya 2010 inaitaja afya, chakula na maji katika kifungu kimoja, cha 43, vimefuatana kama ndugu. Sikuvuka kwenda kumwuliza mtu yeyote. Siku ya pili vijana walioajiriwa kwa kibarua walivijaza visima matawi ya mathenge yenye miiba, wakasimamisha nguzo zenye alama nyekundu. Makarai mawili yalichukuliwa na askari kutoka kwa wanawake waliokutwa wakiyaondoa matawi.

Wagonjwa walipungua. Baada ya majuma machache kijiji kile hakikuwa na mgonjwa hata mmoja, na nikaitwa Lodwar kwenye mkutano wa kaunti kueleza tulivyofanya. Nakumbuka joto la ukumbi ule, feni zikizungusha hewa ya moto, na mchoro wangu ukutani, mstari umepanda kisha umeshuka, na pale unapoanza kushuka nimeweka mshale na maneno “visima vyafungwa”. Walipiga makofi. Mkubwa mmoja alisema ndivyo kazi inavyofanywa, nikashiba sifa. Jioni nilitembea hadi daraja la Turkwel nikatazama maji, maana Lodwar ina bahati ya mto wenye maji, nikampigia mama yangu simu Malindi nikamwambia mwanawe amesifiwa.

Ile barua ilisema “hadi mtakapoarifiwa tena”. Sikuwaarifu tena. Nilisahau. Ningependa kuwa na neno zito kuliko hilo, lakini ndilo lililotokea. Mlipuko ulihamia kwingine, nikahama nao. Juni wauguzi wa umma nchini walianza mgomo ulioendelea hadi mwanzoni mwa Novemba, kazi za zahanati zikavurugika, na kliniki tembezi ya kwenda kijiji kile ikalala. Katika daftari langu kijiji kilikuwa kimepona.

Nilirudi mwishoni mwa mwaka, na timu ya lishe. Kazi ilikuwa kupima watoto mkono kwa mkanda wa rangi. Mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye mkanda unasoma chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, na chini ya 11.5 mkanda unaonyesha nyekundu, naye anaweza kufa kwa ugonjwa mdogo tu. Nilishika mkanda mimi mwenyewe. Nyekundu, njano, nyekundu, nyekundu. Mtu wa lishe alisema ni ukame, nami nikaandika ukame. Kesho yake tukaenda kijiji cha pili, kilichoko laga hiyo hiyo upande wa juu, wenye ukame huo huo na jua hilo hilo. Nyekundu zilikuwepo, lakini chache. Na watoto walikuwa na kitu ambacho kwa muda sikukitambua nilikuwa nakitazama: mabaki meupe makavu pembeni mwa midomo. Walikuwa wamekunywa maziwa asubuhi.

Nikamwuliza mhudumu wetu, yule mama aliyenitafsiria barazani, mbona huku kuna maziwa na kwake hakuna. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyedhani jambo hilo nalijua siku zote.

“Kwetu mbuzi ilienda,” akasema. “Maji ilifungwa, mbuzi ikaenda. Maziwa inaenda na mbuzi.”

Tukakaa chini, nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Alinieleza kwa subira. Ninayoyaandika hapa ni yake zaidi kuliko yangu.

Kiangazi kikikaza, Waturkana huligawa kundi. Vijana huondoka na wanyama wasiokamuliwa kutafuta malisho mbali, na nyumbani huachwa majike machache ya maziwa pamoja na kina mama, wazee na watoto. Maziwa hayo ni kikombe kimoja au viwili kwa mtoto, na hicho ndicho kinachomvusha hadi mvua. Nilipofunga visima, watu walikwenda kwenye bomba, kama nilivyowaagiza, lakini hakuna mwenye uwezo wa kulipia mitungi ya kunyweshea mbuzi. Waliomba kwenye visima vya majirani wakapewa kwa siku chache, kisha majirani wakasema maji hayatoshi, na ilikuwa kweli. Wengine walichimba usiku, chini zaidi ya laga. Usiku mwanamke anaweza kujaza mtungi bila kusikika. Kundi la mbuzi wenye kiu haliwezi kunyweshwa kwa siri. Basi majike nayo yakapelekwa kwa vijana, upande wa Oropoi kuelekea mpaka wa Uganda.

Watoto wakabaki na uji wa mahindi usio na kitu. Wakati wa njaa akina mama huokota matunda ya mti wa edung, ambayo ni chakula kizuri cha dhiki, lakini ni machungu na hayaliki hivi hivi. Huchemshwa, maji yakamwagwa, yakatiwa mengine, yakachemshwa tena, mara kadhaa, hadi uchungu utoke. Chakula hicho kinakula maji kuliko kinavyokula moto. Kwa maji ya kununua na ya kubebwa kichwani hakipikiki. Nilikuwa nimewaondolea maziwa na chakula cha njaa kwa barua moja.

Pesa ya maji ilitoka kwenye makaa. Mama aliyekuwa akichoma gunia moja akawa anachoma mawili, yaani alikuwa mbali na nyumba muda mrefu zaidi, na mtoto anayenyonya alibaki na bibi yake au alikwenda naye juani. Oktoba, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Kwenye ofisi zetu hiyo ilikuwa habari ya kambi. Kijijini ilikuwa habari ya makaa: mkimbizi aliyekuwa akitoa makopo ya mahindi kwa gunia hakuwa tena na cha kutoa, bei ikaanguka, na kina mama wakawa wanatembea na gunia kichwani mtaa hadi mtaa wa kambi wakirudi nalo.

Na wasichana waliokuwa shule walitolewa wakachote maji, kwani bomba lilikuwa mbali na mama yuko makaani. Shuleni ndiko walikokuwa wakipata chakula cha mchana. Mhudumu alinionyesha mmoja aliyekuwa akipita na mtungi wa njano, shingo imekaza, ana umri wa darasa la nne hivi. Alikuwa akila shuleni na kumwachia mdogo wake sehemu yake ya nyumbani. Sasa walikuwa wakigawana.

Kisha nikauliza kuhusu kunawa mikono, maana hilo nililihubiri sana barazani. Akanyamaza kidogo. Maji ya kununua hayanawishi mikono, wala hayaoshi uso wa mtoto. Macho ya watoto wengi yalikuwa yakitoa matongo, nzi wamekaa hapo, na Turkana ni mojawapo ya sehemu za Kenya ambazo trakoma imepofusha watu kwa vizazi. Kuhara kwa kawaida, kusiko kipindupindu, kulikuwa kumeongezeka. Nilivifunga visima ili watu wasiharishe.

Yule mama aliyeuliza habari za mbuzi nilimwulizia mwisho, kwa kuwa niliogopa. Mtoto wake alikuwa amekufa Novemba. Nilikwenda kuitazama rejista ya hospitali alikolazwa. Imeandikwa nimonia, na ndivyo ilivyokuwa, nimonia ndiyo iliyomwua. Uzito wake umeandikwa kwenye safu ya pembeni, na mtu wa kazi yangu akiuona hahitaji kusoma zaidi. Nilikaa na kitabu kile mapajani hadi karani akaniomba akifunge.

Wakubwa wenye huruma wameniambia baadaye kwamba mtoto yule angeweza kufa hata visima vikiwa wazi, mwaka ulikuwa mbaya, wengi walikufa. Sijui namna ya kulipokea hilo. Ninachokijua ni kijiji cha juu. Kule afisa wa eneo alikuwa tabibu mzee, Mturkana, aliyepata barua ya mlipuko siku ile ile niliyoipata mimi. Hakufunga kisima. Aliwakalisha wanawake wawili kila kisima na klorini, wanawake wa ukoo wenye kisima, akawaomba wazee watenge visima vya juu kwa watu na vya chini kwa mifugo, jambo ambalo wazee walikuwa wakilifanya tangu zamani na walihitaji tu kukumbushwa wakati wa vurugu. Hata kwenye kijiji changu visima vya mbuzi vilikuwa mbali na vya watu, na usiku vya watu vilifunikwa miiba visichafuliwe. Nilikuwa nimeiona ile miiba mwanzoni. Nilidhani ni takataka za laga. Kipindupindu kilikoma kijiji cha juu katika majuma yale yale kilipokoma kwangu.

Kwa hiyo mshale wangu kwenye mchoro wa Lodwar haukuonyesha nilichosema unaonyesha.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama na mhudumu. Nilitaka kuomba radhi, na nilikuwa nimejiandaa maneno. Alinisikiliza yote. Aliponijibu, mhudumu alichelewa kutafsiri, nikadhani ananikinga na tusi. Halikuwa tusi. Alikuwa ameuliza iwapo barua ya kufungua ninayo.

Sikuwa nayo. Niliandika palepale kwenye karatasi ya daftari, nikatia sahihi na tarehe, nikampelekea chifu, na alasiri ile wanawake wakaanza kuyatoa matawi. Mathenge yaliyokauka huchoma vibaya kuliko mabichi. Mikono yao ilitoka damu, na yangu pia, ingawa mimi nilifanya kwa saa moja tu na wao hadi giza. Mchanga ulikuwa umeanguka ndani, visima vingi vilibidi vichimbwe upya. Mbuzi hawakurudi mwezi ule wala uliofuata, kwa sababu mnyama aliyekonda harudishwi safari hiyo yote kwa barua. Walirudi na mvua za 2018, zile zilizoleta mafuriko nchi nzima, na Tarach ikafukia kila kitu, visima vipya na vya zamani.

Hapa ningeweza kuishia, na ningekuwa nimekiri nusu. Nusu nyingine ni kwamba ripoti ya mlipuko, yenye mchoro ule wa Lodwar, sikuirekebisha. Nilirudi ofisini nikijua mshale ni wa uongo, na nikauacha. Nilijiambia kwamba takwimu ni sahihi, na kwa kweli ni sahihi, kila mgonjwa aliyeandikwa aliugua na kila tarehe ni tarehe yake. Nilijiambia kwamba kuiongezea habari za mbuzi, makaa na edung kutaifanya ionekane si ya kitaalamu. Ukweli ni kwamba niliona haya, na makofi yale nilikuwa nimeyapenda. Nilipandishwa cheo nikahamia Lodwar. Mtu anaweza kukaa na jambo kama hilo miaka, akafanya kazi nzuri juu yake, akasomesha wengine.

Nimesema nilisomesha wengine, na hapo ndipo liliponifikia tena. Afisa kijana, mwenye bidii, aliniletea rasimu ya notisi ya kufunga visima vya laga moja kaskazini baada ya wagonjwa wa kuhara kuongezeka. Nilianza kuisoma nikaona sentensi ninazozijua. Alikuwa ameinakili yangu yote, hadi “mtakapoarifiwa tena”. Aliniambia kwa furaha kwamba ameipata kwenye faili, na kwamba ile ya 2017 ilifanya kazi.

Nilimwambia afunge mlango, nikamsimulia. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuisimulia na nilikuwa narudi nyuma kila mara kuongeza kitu. Aliuliza maswali mazuri: bei ya mtungi, umbali, nani mwenye visima. Mwisho akauliza mbona haya hayamo kwenye ripoti, maana yeye aliisoma yote. Nikamwambia hayamo kwa sababu sikuyaweka. Hakusema kitu. Baada ya hapo niliiandika nyongeza ya ripoti, yenye majina ya mambo kama yalivyo, ikaingia kwenye faili lile lile nyuma ya mchoro, na makala haya yanatoka humo.

Notisi ya kijana hatukuitoa. Tulikwenda laga ile na mtu wa mifugo, mtu wa maji na mhudumu wa kijiji, tukawauliza wanawake visima ni vya nani, majike ya maziwa ni mangapi na yananywa saa ngapi. Kwenye fomu ya amri tumechora kwa kalamu nafasi ya sahihi ya pili, ya ofisi ya mifugo, na nafasi ya tarehe ya kufungua. Wanawake sita walianza kazi ya klorini wiki ile. Fedha zao ndiyo shida. Bajeti ya afya ina fungu la dawa, ya mifugo ina fungu la chanjo, ya maji ina fungu la mabomba, na mwanamke anayekaa kisimani tangu alfajiri hayumo kwenye lolote kati ya hayo. Mwezi wa kwanza tulichanga. Posho ya mwezi wa pili bado haijalipwa, na barua ya kuidai ninaipeleka Jumatatu.